SOMO LA HESABU: TUMPIMEJE KIUNGO ALIYEAZIMWA?



Pamba ikishavunwa na kazi za shamba zikipungua, vijana wetu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega huingia uwanjani. Kila kijiji kina timu yake. Timu iliyopungukiwa huazima mchezaji kutoka kijiji cha jirani. Baada ya mechi mbili tatu, maneno huanza. Huyu anasema, "Jamaa kachemsha, arudishwe kwao." Yule anasema, "Hapana, huyu ndiye injini ya timu." Wanabishana mpaka usiku, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja.

Maneno hayo yanaweza kumuumiza kijana. Kijana aliyeazimwa ameacha kwao. Anakula na kulala kwa wenyeji. Akirudishwa kwa sifa mbaya, sifa hiyo humfuata, na timu nyingine haitamwita tena. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu ni haki tumpime. Sisi tuliojifunza kusoma, kuandika na kuhesabu tunacho kipimo mkononi: kalamu na daftari.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu. Kwanza, kutafuta wastani. Pili, kutafuta asilimia. Tatu, kujua ni wakati gani hesabu inaweza kutudanganya.

1. MCHEZAJI WA MKOPO NI NANI?

Mkopo huu siyo wa fedha. Ni timu kumwazimisha mchezaji wake kwa timu nyingine kwa muda, kisha kumchukua tena. Sisi wafugaji tunalielewa jambo hili. Mtu humpa mwenzake ng'ombe amtunze. Mtunzaji anakunywa maziwa, lakini ng'ombe bado ana mwenyewe.

Kuna tofauti moja kubwa. Mchezaji siyo ng'ombe. Ana haki zake, na kuna kanuni. Kwa wachezaji wanaoazimwa kutoka nchi moja hadi nyingine, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Dunia, yaani FIFA, lilianza kutumia kanuni mpya tarehe 1 Julai 2022. Mkopo lazima uandikwe katika mkataba. Muda wake usizidi mwaka mmoja. Na timu iliyoazima haina ruhusa ya kumwazimisha mchezaji huyo kwa timu ya tatu.

Tukumbuke hapo: muda wa mkopo ukiisha, mchezaji hurudi kwa sababu mkataba umesema hivyo. Kurudi peke yake siyo ushahidi kwamba ameshindwa.

2. KAZI YA KIUNGO NI IPI?

Kazi ya mshambuliaji inaonekana na kila mtu. Tarehe 5 Novemba 2019 Mbwana Samatta aliifungia Genk ya Ubelgiji goli dhidi ya Liverpool, kwenye uwanja wa Liverpool wenyewe. Genk ilifungwa 2-1, lakini Tanzania nzima ilijua Samatta kafanya nini. Goli ni goli.

Kazi ya kiungo haionekani kirahisi hivyo. Kiungo ni kama kamba inayofunga mzigo. Watu husifu mzigo, hawaisifu kamba. Kamba ikikatika ndipo wanaiona. Kiungo mkabaji hunyang'anya mpira na kulinda mabeki. Kiungo mshambuliaji hupeleka mpira mbele na kuwatengenezea wenzake nafasi za kufunga.

Kwa hiyo tukimhesabia kiungo mkabaji magoli peke yake tutamwonea. Ni sawa na kumpima fundi seremala kwa gunia za mahindi alizovuna. Tumhesabie kazi aliyopewa. Kwa kiungo, tuhesabu haya:

- dakika alizocheza;
- pasi alizotoa, na ngapi zimemfikia mwenzake;
- mara alizonyang'anya mpira;
- mara alizopoteza mpira;
- pasi zilizozaa goli, na magoli yake mwenyewe;
- kadi za njano na nyekundu.

3. HESABU YA WASTANI

Wakulima wa pamba wanaijua hesabu hii, ila pengine hawajaiita kwa jina lake. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa kwanza amevuna kilo 1,200 za pamba. Wa pili amevuna kilo 900. Nani kalima vizuri zaidi?

Hatuwezi kujibu bila kuuliza: kila mmoja alilima ekari ngapi? Wa kwanza alilima ekari 6. Wa pili alilima ekari 3. Sasa tugawanye:

1,200 ÷ 6 = kilo 200 kwa ekari.
900 ÷ 3 = kilo 300 kwa ekari.

Wa pili ana kilo chache ghalani, lakini kila ekari yake imezaa zaidi.

Kwa mchezaji, ekari ni dakika. Mechi moja ina dakika 90. Tuchukue tena mfano wa kubuni wa vijana wawili. Kila mmoja ametokea katika mechi 10. Kijana wa kwanza alicheza mechi zote mwanzo hadi mwisho, jumla dakika 900, akanyang'anya mpira mara 40. Kijana wa pili ni wa mkopo. Aliingia kipindi cha pili kila mara, jumla dakika 300, akanyang'anya mpira mara 20.

Mtazamaji atasema, "Wa mkopo hana kitu, 20 tu!" Sisi tugawanye kwa dakika, kisha tuzidishe kwa 90:

40 ÷ 900 × 90 = mara 4 kwa kila dakika 90.
20 ÷ 300 × 90 = mara 6 kwa kila dakika 90.

Kumbe kijana wa mkopo amefanya kazi zaidi kwa muda aliopewa. Hata hivyo tusikimbilie kumtangaza mshindi. Yeye aliingia akiwa na nguvu mpya, wapinzani wameshachoka. Hesabu imemwondolea lawama ya uvivu. Ili tujue kama anaweza kufanya hivyo kwa dakika 90, apewe dakika 90.

4. HESABU YA ASILIMIA

Asilimia maana yake ni "katika kila mia". Kiungo akitoa pasi 50, na 45 zikafika, tunafanya hivi:

45 ÷ 50 × 100 = asilimia 90.

Mwingine ametoa pasi 40, zimefika 28:

28 ÷ 40 × 100 = asilimia 70.

Je, wa kwanza ni bora? Tuulize kwanza: pasi zilikwenda wapi? Mtu anaweza kurudisha mpira nyuma kwa beki wake mara 45 na asipoteze hata mmoja. Mwingine anajaribu kupenyeza mpira mbele, katikati ya wapinzani. Atapoteza mingi, lakini mmoja ukipita ni goli. Kwa hiyo katika daftari tutenge pasi za mbele na pasi za nyuma. Bila kutenga hivyo, mwoga ataonekana hodari na hodari ataonekana mzembe.

5. MECHI CHACHE HUDANGANYA

Hakuna mkulima anayechota maharage kiganja kimoja akasema ameijua gunia nzima. Na mvua ya siku moja haituambii masika yatakuwaje. Tutazame viungo wawili wa Uingereza ambao walianza kwa kuazimwa.

Wa kwanza ni David Beckham. Mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 19, Manchester United ilimwazimisha kwa Preston North End. Alicheza mechi 5 akafunga magoli 2. Moja lilitokana na kona iliyoingia moja kwa moja, na la pili lilitokana na mpira wa adhabu. Wastani wake ni huu: 2 ÷ 5 = 0.4. Maana yake ni magoli 4 katika kila mechi 10.

Je, aliendelea hivyo? Hapana. Katika maisha yake yote Manchester United alicheza mechi 394 akafunga magoli 85. Hiyo ni karibu magoli 2 katika kila mechi 10. Mechi 5 za mkopo zilimkuza mara mbili.

Wa pili ni Frank Lampard. Mwaka huo huo wa 1995, akiwa na miaka 17, West Ham ilimwazimisha kwa Swansea. Katika mechi 9 za ligi alifunga goli 1. Hiyo ni karibu goli 1 katika kila mechi 10. Baadaye alikwenda Chelsea, akacheza mechi 648 na kufunga magoli 211. Hiyo ni zaidi ya magoli 3 katika kila mechi 10. Kwa hiyo mechi 9 za mkopo zilimficha.

Wasomaji, tuangalie jambo hili kwa makini. Mkopo ulimwonyesha mmoja kuwa mkubwa kuliko alivyo, na mwingine kuwa mdogo kuliko alivyo. Mtu ambaye angewapima wakati ule kwa magoli yao ya mkopo angewakosea wote wawili. Hesabu zenyewe zilikuwa sahihi. Kosa lingekuwa la kuharakisha hukumu.

6. KIJANA WETU NOVATUS

Sasa tuje nyumbani. Novatus Dismas Miroshi ni kiungo mkabaji wa Taifa Stars, na anaweza pia kucheza beki wa kushoto. Alikuwa mchezaji wa Zulte Waregem ya Ubelgiji, timu ambayo ilishuka daraja mwaka 2023. Mwaka huo huo akaazimwa kwa msimu mmoja na Shakhtar Donetsk ya Ukraine. Akiwa huko alicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Tuone matokeo ya Shakhtar katika kundi lake msimu ule wa 2023/24. Kwa sababu ya vita, mechi zake za nyumbani za mashindano hayo zilichezwa mjini Hamburg, Ujerumani.

Na Porto ya Ureno: ilifungwa 3-1, kisha 5-3.
Na Antwerp ya Ubelgiji: ilishinda 3-2, kisha 1-0.
Na Barcelona ya Hispania: ilifungwa 2-1, kisha ikashinda 1-0.

Kushinda ni pointi 3. Shakhtar ilishinda mara 3, ikapata pointi 9. Mechi 6 zina pointi 18. Basi 9 ÷ 18 × 100 = asilimia 50. Ilishika nafasi ya tatu katika kundi. Nyumbani Ukraine ilichukua ubingwa wa ligi na kombe.

Je, hesabu hizi zinasema Novatus alicheza vizuri? Hapana. Zinasema habari za timu. Katika ngoma zetu za Bagika na Bagalu, mshindi hujulikana kwa kutazama umati umejaa upande gani. Umati ule unatuambia kikundi gani kimeshinda. Hautuambii ni mchezaji gani alikosea hatua, wala nani alibeba wenzake. Ndivyo ilivyo kwa pointi. Tukitaka kumpima mchezaji mmoja, tuhesabu dakika zake na kazi yake ndani ya dakika hizo. Tusimpe sifa ya ushindi ambao hakuwamo uwanjani, wala tusimtwishe mzigo wa kufungwa asikokuwepo.

Tena tuweke mizani sawa. Kutoka timu iliyoshuka daraja Ubelgiji hadi kukutana na Barcelona ni kupanda mlima. Mtu akilima udongo mgumu akapata kilo 200 kwa ekari, huenda amefanya kazi kuliko yule aliyepata 300 penye mbuga yenye rutuba.

Sasa tutazame jambo moja ambalo linamhusu Novatus mwenyewe. Katikati ya msimu huo wa mkopo, aliitwa Taifa Stars kwenda fainali za Mataifa ya Afrika huko Kodivaa. Tarehe 17 Januari 2024 Tanzania ilicheza na Moroko. Dakika ya 70 Novatus alipata kadi ya pili ya njano, akatolewa kwa kadi nyekundu. Wakati ule Moroko ilikuwa inaongoza 1-0. Walifunga tena dakika ya 77 na dakika ya 80. Mechi ikaisha 3-0.

Tuhesabu. Tukiwa 11, tulifungwa goli 1 katika dakika 70. Tukiwa 10, tulifungwa magoli 2 katika dakika 20. Kadi ile ilikuwa na gharama, na daftari la haki lazima liandike hivyo. Kumpenda kijana wetu siyo sababu ya kufuta mstari.

Lakini tusisimame hapo. Siku nne baadaye, tarehe 21 Januari, Tanzania ilicheza na Zambia. Simon Msuva alitufungia dakika ya 11. Dakika ya 44 mchezaji wa Zambia akatolewa kwa kadi nyekundu. Zambia wakabaki 10 kwa zaidi ya nusu ya mechi, na bado walisawazisha dakika ya 88. Ikawa 1-1. Basi kadi nyekundu haiamui yote. Tukisema "Moroko walitufunga kwa sababu ya Novatus tu", mechi ya Zambia inatukatalia.

Msimu ulipokwisha, Novatus hakubaki Shakhtar. Mwaka 2024 alikwenda Göztepe ya Uturuki, timu iliyokuwa imepanda ligi kuu ya nchi ile mwaka huo huo. Wapo watakaosema, "Shakhtar wamemkataa." Sisi tunasema: mkopo wa mwaka mmoja uliisha kwa muda wake, na timu ya ligi kuu ikamchukua. Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Mengine ni maneno ya kibandani.

7. TUANZE DAFTARI LA TIMU

Kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji watu wawili, daftari moja na saa moja. Mmoja anatazama na kutaja. Wa pili anaandika. Wasibadilishane katikati ya mechi, maana macho ya watu wawili hayahesabu sawa.

Chora mistari upate vyumba vya mambo tuliyotaja katika sehemu ya pili. Kila tukio weka kijiti kimoja. Vijiti vikifika vinne, cha tano kikate vyote. Hivyo ni rahisi kujumlisha kwa tano tano. Andika pia dakika aliyoingia na dakika aliyotoka, jina la wapinzani, na nafasi aliyocheza. Kama kocha kamweka kiungo acheze beki, daftari liseme hivyo.

Usimwandikie mgeni peke yake. Andika na kiungo wa hapo kijijini. Kipimo cha haki hupima pande zote mbili. Tukimhesabia mgeni makosa na mwenyeji tusimhesabie, hapo hatupimi, tunatafuta sababu ya kumfukuza.

Kamati ya timu ikikaa kuamua, isome daftari kwa sauti, kijana mwenyewe akiwepo. Mweleze: "Pasi za mbele zimefika asilimia 40. Mazoezini tulifanyie kazi." Hilo litamsaidia. Kumwambia "umechemsha" hakumfundishi kitu.

Hesabu hizi hazikomei uwanjani. Mtu aliyezoea kuuliza "ngapi katika ngapi?" hadanganyiki kirahisi penye mizani ya pamba wala penye mkutano wa ushirika. Akiambiwa jumla, atauliza ekari. Akiambiwa asilimia, atauliza ya nini.

MANENO YA KUKUMBUKA

Takwimu: hesabu zilizokusanywa na kupangwa ili zitueleze jambo.
Wastani: jumla iliyogawanywa sawa kwa kila mechi, dakika au ekari.
Asilimia: ngapi katika kila mia.

ZOEZI

1. Kiungo amecheza dakika 450. Amenyang'anya mpira mara 25. Ni mara ngapi kwa kila dakika 90?
2. Kiungo ametoa pasi 48, zimefika 36. Ni asilimia ngapi?
3. Shamba la ekari 4 limetoa kilo 1,000 za pamba. Ni kilo ngapi kwa ekari?

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, kijijini kwenu kuna mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa jambo lililotokea mara moja tu? Mngempimaje?
2. Kama kiungo wa mkopo ana hesabu nzuri lakini timu inafungwa, kamati ifanye nini?
3. Ni mambo gani ya mchezaji ambayo vijiti vya daftari haviwezi kuyaonyesha? Taja mawili.

MAJIBU YA ZOEZI

1. Mara 5. 2. Asilimia 75. 3. Kilo 250.